Maswali ya Wasomaji: Puma Si Kifaru

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya gari la kivita la Ujerumani liitwalo Puma, mlango wake wa nyuma ukiwa wazi na askari wakishuka, na chini ya picha hiyo tukaandika "kifaru cha kisasa". Hilo lilikuwa kosa letu. Barua zilizotufikia baada ya hapo zingeweza kujaza ukurasa huu mara mbili, hivyo nimechagua zile zinazogusa namna gari lenyewe lilivyoundwa na linachoweza kufanya, na nimefupisha baadhi yake bila kugeuza maana.

SWALI (Msomaji, Morogoro): Ndugu Mhariri, hapa kijiweni tunapokunywa kahawa tuna mzee mmoja aliyestaafu jeshini. Alipoiona picha yenu alicheka, akasema hicho si kifaru hata kidogo. Sisi tukamwambia: kina minyororo, kina mzinga, kimevaa chuma, kitakosaje kuwa kifaru? Akajibu, "Hesabuni viti," kisha akaendelea na kahawa yake. Alikuwa na maana gani?

JIBU: Mfikishieni mzee huyo shikamoo yangu, maana kwa maneno mawili amesema jambo ambalo mimi nitahitaji ukurasa mzima kulieleza. Kifaru hakina abiria. Watu watatu au wanne waliomo ndani yake wote wana kazi ya kukiendesha, kutazama na kupiga, na chuma chote kinachowazunguka kipo kwa ajili ya mzinga mmoja mkubwa. Puma ni gari la aina nyingine, ambalo hapa nitaliita gari la mapigano la askari wa miguu. Lina wahudumu watatu, yaani kamanda, mpiga mzinga na dereva, na pamoja nao kuna viti sita vya askari ambao wakifika panapohusika watashuka na kupigana wakiwa ardhini. Gari lipo kwa ajili ya hao sita. Mzinga ni wa kuwafikisha na kuwalinda.

Lisichanganywe pia na gari la deraya, yaani lililovikwa chuma cha kinga, la kubebea askari. M113 la Marekani, lililoanza kutumika mwaka 1960, hubeba askari 11, lakini silaha yake ya kawaida ni bombomu moja ya milimita 12.7, na desturi yake ni kuwashusha watu kabla ya kufika kwenye moto mkali kisha kujiondokea, kama daladala inayoshusha abiria na kugeuza. Gari la mapigano halitakiwi kugeuza. Linabaki na askari wake, linapiga kuta ambazo nyuma yazo adui anawafyatulia risasi, na ikibidi linapambana na magari mengine ya deraya. Mkataba wa Majeshi ya Kawaida barani Ulaya, uliotiwa saini Paris mwezi Novemba 1990, ulilazimika kuuchora mpaka huo kwa rula, kwa kuwa nchi zilikuwa zinahesabiana silaha: gari linalosafirisha kikosi cha askari wa miguu na lenye mzinga wa angalau milimita 20 likahesabiwa kuwa gari la mapigano, na lenye silaha ndogo zaidi likabaki kuwa la kubebea tu.

Wajerumani wa Magharibi walikuwa na gari la namna hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini lililoitikisa dunia ni BMP-1 la Umoja wa Kisovyeti, lililopokewa jeshini mwaka 1966 na kuonyeshwa hadharani Moscow mwaka uliofuata. Lilikuwa na uzito wa tani 13 hivi, mzinga wa milimita 73, kombora la kuvunjia vifaru, na askari wanane nyuma. Waliolibuni walikuwa wanawaza vita vya nyuklia, ambamo askari atakayeteremka kwenye udongo wenye sumu na mionzi hatapona. Kwa hiyo wakamtobolea kila askari tundu la kupitishia bunduki ili apigane akiwa ameketi. Matundu hayo yalinakiliwa hata Marekani, ambako gari lao la Bradley lilizaliwa mwaka 1981 likiwa nayo sita. Kwa maoni yangu yalikuwa pambo zaidi kuliko silaha, kwa sababu mtu anayelenga kupitia tundu, ndani ya gari linalorukaruka, hupoteza risasi. Bradley zilipoongezewa deraya ubavuni, matundu ya pembeni yalifunikwa, na sioni kwamba kuna aliyeyalilia.

SWALI (Mama wa askari, Tanga): Mwanangu, picha yenu imenitia mawazo. Niliwaona vijana wanashuka, lakini sikuona wanakaaje humo ndani. Wamebanana vipi, na ikilipuka chini kuna nini cha kuwakinga?

JIBU: Shikamoo mama. Swali lako ndilo ambalo wabunifu wa magari haya hulala nalo, na nitalijibu kwa kirefu.

Niliwahi kuingia ndani ya BMP-1 katika makumbusho moja ya kijeshi huko Ulaya, na nakiri sikukaa muda mrefu. Wanaume wanane wa nyuma huketi safu mbili, wamepeana migongo, na kati ya migongo hiyo kuna tangi la mafuta. Mimi si mrefu, hata hivyo magoti yalinifika karibu na kifua na kofia ya chuma niliyoazimwa ikawa inagonga dari kila nilipogeuka. Kisha mwongozaji akaigonga kwa kidole milango miwili ya nyuma, ile ambayo askari hukimbilia kutokea, ikaitika kama debe tupu: nayo ni matangi ya mafuta. Kwa sheria ya kiwandani yalitakiwa yawe yametumika kabla ya mapambano, lakini vita havisubiri dizeli iishe.

Hivyo ndivyo gari lilivyofanywa kuwa fupi na jepesi. Ufupi ulikuwa kinga, kwa kuwa gari fupi ni shabaha ndogo, na gharama yake ilikatwa kwenye mifupa ya waliokaa nyuma. Ukilitazama Puma kwa jicho hilo utaona jinsi fikra zilivyogeuka. Viti vyake havikufungwa sakafuni. Bomu lililotegwa ardhini linapolipuka chini ya gari, si lazima chuma kitoboke ndipo watu waumie. Sakafu hurushwa juu kwa kasi kubwa mno, na kama kiti kimesimama juu yake, pigo lote hupanda kupitia miguu na kiuno hadi uti wa mgongo. Kiti kinachoning'inia kutoka juu na ubavuni huiachia sakafu nafasi ya kubonyea bila kumgusa aliyekaa. Matangi ya mafuta nayo yametengwa na chumba cha watu. Wote tisa, wahudumu na askari, wamo katika chumba kimoja kilichoungana ndani ya mwili wa gari, kwa hiyo kiongozi wa kikosi anaweza kusema na kamanda ana kwa ana endapo redio imekufa. Njia yao ya kutokea ni mlango mmoja mpana wa nyuma unaoshuka na kuwa ngazi, kama ule wa pantoni ya Kigamboni, na askari mwenye mzigo wa kilo 30 mgongoni hutoka akitembea badala ya kutambaa.

Lakini ulinzi huo una bei yake, mama, na bei ni viti. Kila sentimita ya deraya na kila pengo la hewa chini ya kiti hula nafasi. BMP-1 lilibeba wanane kwa tani 13. Puma linabeba sita kwa tani 43. Bradley lilianza na sita, baadaye wakaongezeka hadi saba, ilhali seksheni ya askari wa miguu wa Kimarekani ina watu tisa. Maana yake ni kwamba seksheni moja haiwezi kuingia gari moja. Watu waliozoea kula, kulala na kupigana pamoja hugawanywa mara mlango unapofungwa, na wakishuka, kazi ya kwanza ni kutafutana huku wakipigwa risasi. Wajerumani walilimaliza tatizo hilo kwa upande mwingine: walipunguza kundi la askari wanaoshuka hadi likawa sita, likaenea gari. Kwangu mimi huko ni kukata mguu ili uingie kwenye kiatu. Nyumba, mtaro au msitu hausafishwi na watu sita kama unavyosafishwa na tisa, na akijeruhiwa mmoja, wawili watambeba, watabaki watatu. Haishangazi kwamba Lynx, gari jingine la Ujerumani ambalo Hungaria iliagiza 218 mwaka 2020, lilifanywa kubwa zaidi ili libebe wanane au zaidi.

SWALI (Fundi wa malori, Makambako): Mmeandika kwamba injini ya Puma ni ndogo kuliko ya semi lakini ina nguvu maradufu. Mimi nimefungua injini za Scania miaka kumi na mitano. Naomba mnieleze hilo linawezekanaje, au mkiri kwamba mhariri amekosea tena.

JIBU: Safari hii hatukukosea, fundi. Injini ya Puma ni dizeli ya kampuni ya MTU yenye silinda kumi zilizopangwa kwa umbo la V, ujazo wa lita 11.1, na hutoa nguvu farasi zipatazo 1,090. Semi la kawaida unalolifungua wewe lina injini ya lita 12 au 13, silinda sita, na nguvu farasi 500 hivi. Siri iko kwenye mambo mawili unayoyajua. La kwanza ni mzunguko: injini ya lori hufanya kazi yake nzuri chini ya mizunguko 2,000 kwa dakika, ilhali hii hupita mizunguko 4,000, kwa hiyo katika dakika ileile huchoma mafuta mara nyingi zaidi. La pili ni hewa inayoshindiliwa na turbo kwa nguvu kubwa kuliko ambayo mwenye lori angethubutu. Lakini lori lako linatakiwa litembee kilomita milioni moja kwa faida, na dizeli ni pesa. Injini ya kivita haikuahidiwa maisha hayo. Imenunuliwa kwa udogo wake, kwa kuwa kila lita ya nafasi iliyookolewa mbele huwa nafasi ya mtu au deraya nyuma.

Chukua hesabu ya Kitonga. Semi lililojaa hadi tani 50 hupanda mlima ule likiwa na nguvu farasi 10 kwa kila tani, na wewe unajua linavyonung'unika na foleni inayolifuata. Puma likiwa limevaa deraya yake yote lina zaidi ya nguvu farasi 25 kwa tani. Barabarani hufikia kilomita 70 kwa saa, lakini mwendo wa lami si muhimu sana. Kinachotafutwa ni kuchomoka haraka kutoka nyuma ya kichuguu kimoja hadi kingine kabla adui hajalenga.

Kuhusu springi, jambo hili utalipenda. Magari mengi ya minyororo, Bradley likiwamo, hutumia nondo ndefu zilizolazwa kukatiza chini ya sakafu, ambazo hujisokota gurudumu linapopanda na kujisokotoa linaposhuka. Ni imara na rahisi kwa fundi, lakini bomu likilipuka chini, nondo hizo ni vyuma vilivyolala chini ya miguu ya watu. Puma halina nondo hizo. Kila gurudumu lina shokapu lake la mafuta na gesi, na mfumo mzima wa magurudumu umefungwa kwenye mihimili iliyotenganishwa na mwili wa gari, ili mtetemo na kelele za minyororo zisipenye moja kwa moja hadi kwa walioketi. Mtu aliyetikiswa saa nne hashuki akiwa askari kamili. Kwa upande mwingine, nondo iliyovunjika inaweza kubadilishwa porini kwa nyundo na jasho, na sidhani kama shokapu la gesi linakubali huduma ya namna hiyo.

Dereva wake hageuzi magurudumu. Kama katapila, gari hupinda kwa kuupunguzia mwendo mnyororo mmoja na kuuongezea mwingine, ila gia ni za otomatiki na dereva ana usukani wa kawaida.

SWALI (Msomaji, Muscat): Nimesoma kwamba kuba la Puma, kile kichwa kinachozunguka na mzinga, halina mtu ndani. Sasa nani anapiga, na anaona nini?

JIBU: Kamanda na mpiga mzinga wanakaa chini, bega kwa bega, ndani ya mwili wa gari pamoja na wenzao, na juu yao kuba linazungushwa kwa umeme. Faida yake ni kwamba kuba lisilo na watu halihitaji deraya nzito kama chumba cha kuishi. Likipigwa, gari limepoteza silaha lakini halijapoteza watu. Hasara ni ile ambayo kila aliyewahi kuendesha akiwa amefungiwa kioo cheusi anaijua. Kamanda wa zamani alitoa kichwa nje, akasikia, akanusa, akaona vumbi upande wa kushoto kwa pembe ya jicho. Kamanda wa Puma hutegemea kamera za mchana, kamera za joto na skrini, na ingawa bado ana kidirisha cha kutokea juu, mpangilio mzima unamvuta kwenye skrini.

Kamera ya joto ni chombo cha ajabu. Haitazami mwanga bali joto, kwa hiyo usiku wa giza totoro mtu huonekana akiwaka kama kaa la moto, na injini iliyozimwa muda mfupi uliopita huonekana ikifukuta nyuma ya majani. Hata hivyo kuona si kutambua. Katika Vita vya Ghuba vya mwaka 1991, Bradley zilizoharibiwa zilikuwa 20, na kati ya hizo 17 zilipigwa na majeshi ya upande wao wenyewe. Mpigaji aliona doa la joto lenye umbo la gari kilomita kadhaa jangwani usiku. Bendera haionekani kwenye joto.

Mzinga wa Puma ni wa milimita 30, hufyatua maganda 200 kwa dakika na kufika kiasi cha mita 3,000. Hubeba maganda 400, nusu yakiwa tayari kwenye mzinga na nusu ghalani, maana yake mpigaji asiyejizuia anaweza kumaliza yaliyo tayari kwa dakika moja tu. Aina ya kwanza ya ganda ni mshale wa chuma kizito wa kutoboa deraya. Ya pili ndiyo iliyowafanya Wajerumani wauchague mzinga huu. Mpigaji hupima umbali kwa leza, kompyuta hukokotoa, kisha ganda linapopita mdomoni mwa mzinga hukutana na pete za koili zinazopima kasi yake halisi na palepale kuliambia lipasuke baada ya muda gani. Ganda hilo huruka, hujihesabia, na hupasuka hewani mbele kidogo ya shabaha, likimwaga vipande vidogo vya tungsteni kama mkono unaorusha mtama. Adui aliyejificha nyuma ya ukuta hakingwi tena na ukuta ule, kwa kuwa mauti yanamjia kutoka juu yake.

Wasweden, kwa upande wao, walichagua ukubwa. Gari lao la CV90, kwa matumizi ya jeshi lao, lilifungwa mzinga wa Bofors wa milimita 40 uliopinduliwa kichwa chini miguu juu ili uenee kwenye kuba, na maganda yake 24 yaliyo tayari yamegawanywa makundi matatu ya nane nane. Ganda moja la milimita 40 lina uzito wa kutosha kumaliza ubishi mwingi. Lakini maganda 24 si 200, na hapo tena kila nchi imechagua umaskini wake.

Kwa vifaru, mizinga ya namna hii haitoshi kutoboa deraya ya mbele. Ndiyo sababu Bradley hubeba makombora ya TOW ubavuni mwa kuba, na Puma likaja kufungwa baadaye makombora ya Spike yenye masafa ya mita 4,000.

SWALI (Msomaji, Kigali): Mbona majeshi ya Afrika hupenda magari ya matairi? Je, ni kwa sababu ya bei tu?

JIBU: Bei imo, lakini si peke yake. Afrika Kusini ilipobuni gari lake la mapigano miaka ya 1970 haikukosa ujuzi wa minyororo. Ilikuwa na umbali wa kushughulikia. Kutoka kambi za kaskazini mwa Namibia hadi ndani ya Angola ni mamia ya kilomita, na gari la minyororo hula mafuta, hula minyororo yenyewe na huhitaji kubebwa juu ya lori lingine kabla halijafika vitani. Hivyo likazaliwa gari la matairi sita lenye mzinga wa milimita 20, lililoingia jeshini mwaka 1976, ambalo huweza kupita kilomita 100 kwa saa na kwenda safari ndefu kwa magurudumu yake lenyewe. Wakaliita Ratel, jina la Kiafrikana la mnyama ambaye sisi tunamwita nyegere, yule mla asali asiyemkimbia hata simba. Jeshi la Rwanda ni miongoni mwa yaliyolinunua, kwa hiyo huenda umeliona likipita kwenye gwaride bila kujua kwamba ni ndugu wa Puma.

Casspir ambazo wanajeshi wa Uganda na Burundi walizitumia Mogadishu ni kitu kingine: lori refu la deraya, tumbo lake limechongwa kama herufi ya V ili mlipuko wa chini upasuke pembeni. Ni mlinzi mzuri wa abiria dhidi ya mabomu ya ardhini, lakini halina mzinga, na kwa kipimo cha Paris ni la kubebea.

Minyororo hupata haki yake masika. Tairi hugusa ardhi kwa eneo kama la sinia chache, ilhali mnyororo hutandika chuma urefu wote wa gari. Dereva yeyote aliyekwama kwenye udongo mweusi wa mbugani, ule unaopanda na tairi hadi ukajaa chini ya tope-gadi, hahitaji maelezo zaidi.

SWALI (Msomaji, Hamburg): Mwaka 2022 magazeti ya hapa yaliandika kwamba Puma zote ziliharibika mazoezini. Na sasa droni ya bei ya simu inachoma gari la mamilioni. Je, hizi si pesa zilizotupwa?

JIBU: Si zote, ila habari yenyewe ni ya kweli. Mwezi Desemba 2022 kombania moja ya Wajerumani iliyokuwa ikijiandaa kwa jukumu la NATO ilipeleka Puma 18 mazoezini, na mwisho wa mazoezi halikubaki hata moja la kufaa. Aibu ilikuwa kubwa kiasi kwamba nafasi yao ilichukuliwa na Marder, gari lililoingia jeshini mwaka 1971. Baadaye ilionekana kwamba kasoro nyingi zilikuwa za kutengenezeka, na mwaka 2023 Ujerumani iliagiza Puma nyingine 50 juu ya zile 350 za mwanzo. Kwa macho yangu tatizo halikuwa chuma. Gari lililojaa nyaya, kamera na kompyuta linahitaji fundi aliyefunzwa na kipuri kilicho karibu. Vikikosekana hivyo, kuba lisilo na mtu hugeuka kuwa kuba lisilo na kazi.

Kuhusu droni, umegusa mahali panapouma. Magari haya yalivalishwa deraya nene mbele na ubavuni, juu pakaachwa pepesi, kwa kuwa uzito una mwisho. Droni huchagua hapo penye wepesi. Ndiyo maana picha za Ukraine zinaonyesha magari yaliyovikwa vizimba vya nondo na nyavu kama mabanda ya kuku, na ndiyo maana Bradley mpya na CV90 za Uholanzi zimefungiwa mtambo uitwao Iron Fist, ambao huona kombora au roketi ikija na kuitungua mita chache kabla haijagusa gari. Lile ganda la kupasuka hewani nalo limeanza kutazamwa upya, maana linalomwagia mtama mtu nyuma ya ukuta linaweza kuumwagia mtambo unaoruka. Hata hivyo kabla ya kusema pesa zimetupwa, uliza abiria walipatwa na nini. Tangu Marekani ilipotangaza mwezi Januari 2023 kwamba itaipa Ukraine Bradley, imeripotiwa mara nyingi kwamba gari limeungua lakini watu wametoka wakiwa hai. Kwa gari ambalo kazi yake ni viti, hayo si mauzo mabaya.

SWALI (Mwanafunzi, Mwanza): Je, gari hili linaweza kuvuka ziwa?

JIBU: BMP-1 linaweza: ni jepesi kwa ukubwa wake, kwa hiyo huelea, na minyororo yake hulisukuma majini kama makasia. Bradley la kwanza lilielea pia, lakini kwa shida, baada ya kuzungushiwa pazia la turubai pembeni, na deraya ilipoongezwa ufundi huo ukaachwa. Puma haliogelei kabisa. Ili chombo kielee lazima kisukume maji yenye uzito sawa na wake, na kwa tani 43 gari lingehitaji kuwa na tumbo la jahazi. Mpango wake wa safari ndefu ulikuwa wa angani: likivuliwa deraya ya ziada hushuka hadi tani 31 na nusu hivi, likaingia ndani ya ndege ya A400M, na ndege nne zilitarajiwa kubeba magari matatu pamoja na deraya zao zikiwa zimepakiwa katika ndege ya nne. Mtoni linahitaji daraja. Likifika kwenye lile la kijijini lenye kibao kilichoandikwa "Mwisho tani 10", litasimama hapo pamoja na malori ya mkaa, likisubiri wahandisi.